Kompyuta haijafa, inaisubiri seva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimeliona likizitia hasara ofisi zetu za mikoa ya Mtwara na Lindi, nalo ni desturi ya kuzitangaza kompyuta kuwa zimekufa kila umeme unapokatika na kurudi. Mimi ni fundi wa kompyuta, nakaa Mikindani, na kazi hunipeleka Masasi, Newala, Nachingwea na pengine hadi Kilwa Masoko. Mara nyingi nimeitwa kuzika mashine ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa zimesimama zikiisubiri seva, na hapakuwa na mtu aliyeuliza zinamsubiri nani.

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote ninayotaka kuyasema. Katika msimu wa korosho niliitwa kwenye ofisi moja ya ushirika, ambayo sitaitaja, asubuhi baada ya umeme kukatika usiku na kurudi alfajiri. Ofisi hiyo ina kompyuta saba zinazotumia mfumo wa Ubuntu, ambao ni mmoja wa mifumo ya Linux, na seva moja iliyo katika chumba cha nyuma, ambamo huhifadhiwa kumbukumbu za mizani, stakabadhi na malipo ya wakulima. Nilipofika saa tatu, wakulima walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya nje, na karani mkuu, mzee wa makamo mwenye subira ya kawaida, alikuwa amekwishaimaliza subira yake.

"Fundi, zote saba zimekufa," aliniambia hata kabla sijaweka mkoba chini. "Kijana mmoja amepita hapa, anasema tuzipige Windows upya."

Nilimwomba aniwashie moja mbele ya macho yangu. Ikatokea nembo ya Ubuntu, ikakaa. Baada ya kama dakika moja karani akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha kuzimia, akaiwasha tena. Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu saa mbili kasoro. Nilimzuia mkono, nikabonyeza kitufe cha Esc ili nembo iondoke na maandishi yaliyofichwa nyuma yake yaonekane, na hapo tukaona kompyuta ikieleza kwa Kiingereza kwamba inajaribu kuiunganisha folda ya kumbukumbu, huku ikihesabu sekunde kuelekea kikomo cha dakika moja na nusu. Tukaiacha. Hesabu ikafika mwisho, mashine ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba imeshindwa, kisha ikaendelea na safari yake na kutuletea ukurasa wa kuingilia kama kawaida. Karani alikuwa akiizima kila mara zikiwa zimebaki sekunde chache tu.

Hapa inanibidi niwaeleze wasomaji wasio mafundi kinachofanyika. Kompyuta inaweza kuitumia folda iliyo katika seva kana kwamba imo ndani ya diski yake yenyewe. Njia inayotumika sana kwa kazi hiyo katika mifumo ya aina ya Unix na Linux huitwa NFS, na ilitoka katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984. Kitendo cha kuileta folda ya seva na kuibandika mahali pake mafundi tunakiita kumaunti, nami katika barua hii nitakiita kupachika. Maagizo ya kipi kipachikwe wapi wakati wa kuwaka yamo katika faili moja dogo la maandishi liitwalo /etc/fstab, ambalo kila mstari wake ni agizo moja. Katika ofisi hiyo, mstari wenyewe ulikuwa umeandikwa na fundi aliyefunga mitambo, ukafanya kazi siku ya makabidhiano, akalipwa, akaondoka.

Mstari ule haukuwa na kosa la herufi. Kasoro yake ni kwamba uliandikwa kwa ajili ya siku ambayo seva tayari iko macho, swichi ya mtandao, yaani kisanduku kinachoziunganisha kompyuta kwa kebo, tayari inapitisha, na kila kitu kimetulia. Umeme unaporudi baada ya kukatika, hali haiwi hivyo hata kidogo, kwa kuwa vyombo vyote huamka kwa pamoja na kila kimoja kina mwendo wake. Kompyuta ya mezani yenye diski mpya huwa tayari ndani ya nusu dakika. Seva huchukua dakika kadhaa, hasa ikiwa ilizimika ghafla na inalazimika kuyakagua mafaili yake kwanza. Ruta, kifaa kinachoiunganisha ofisi na mtandao wa nje, nayo ina muda wake. Hata swichi, ambayo watu huiona kama kisanduku cha taa tu, inaweza kuchelewesha: swichi za daraja la kiofisi zenye kinga dhidi ya mizunguko ya kebo, kwa mpangilio wake wa asili, huisikiliza kebo kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde 15 nyingine kabla ya kupitisha chochote, ilhali taa yake imeshawaka na kompyuta imeshaamini kwamba mtandao upo.

Ni sawa na abiria anayefika ufukweni na kukuta kivuko kiko upande wa Msangamkuu. Kivuko hakijazama, ila abiria huyu ameagizwa kwamba asifanye jambo lolote jingine mpaka avuke, na kwamba akingoja dakika moja na nusu bila kukiona, arudi nyumbani na asitoke tena siku nzima. Hilo la kutotoka tena ndilo wengi hawalijui. Programu iitwayo systemd, ambayo ndiyo inayoongoza hatua za kuwaka katika Ubuntu tangu toleo la Aprili 2015, humpa kila mtumishi wake, yaani kila kazi inayoianzisha, sekunde 90 kwa kawaida, na ikishaandika kwamba kupachika kumeshindikana, hairudii kwa hiari yake. Seva ikiamka dakika tano baadaye, folda itabaki tupu mpaka mtu aamuru upya.

Basi nikaingia kwenye ile kompyuta tuliyoiacha iwake yenyewe, nikaamuru kwa mkono kila kilichoandikwa katika fstab kipachikwe. Hili ndilo jaribio la kwanza ambalo ningependa kila fundi kijana alishike, kwa sababu jibu lake hugawa tatizo katika mafungu mawili: amri ikifaulu kwa mkono baada ya mashine kuwaka, ujue maagizo ni sahihi na ugonjwa ni wa wakati, amri ikigoma hata kwa mkono, ujue tatizo liko katika seva, katika njia, au katika mstari wenyewe. Ile iligoma. Nikaiita seva kwa namba yake katika mtandao, kimya. Nikauliza kama kuna aliyeiona seva asubuhi ile, wakatazamana.

Seva ilikuwa imezimwa, Ndugu Mhariri. Ndani ya mipangilio ya msingi ya kompyuta nyingi za mezani na seva kuna kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukikatika na kurudi: ijiwashe yenyewe, au ibaki imezimika mpaka mtu abonyeze kitufe. Ya kwao ilikuwa imeachwa kwenye kubaki imezimika, na mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na ufunguo alikuwa nao mhasibu, na mhasibu alikuwa Newala. Kompyuta saba zilikaribia kufutwa na kupigwa mfumo mwingine kwa sababu ya kitufe kimoja nyuma ya mlango mmoja. Ufunguo ukaletwa na bodaboda saa tano.

Seva ilipowaka, nilidhani kazi yangu imebaki ndogo. Nikaamuru kupachika kwenye kompyuta ya karani mmoja wa kike ambaye, tofauti na wenzake, alikuwa na subira. Alikuwa ameiacha mashine yake iwake mpaka mwisho, akaingia, akaikuta folda ya kumbukumbu iko tupu, akadhani mafaili yamehamishwa, akaanza kuandika uzito wa magunia ya asubuhi ile katika faili jipya ndani ya folda hiyohiyo. Mara tu nilipopachika, folda ikajaa kumbukumbu za zamani, na faili lake likatoweka.

"Fundi, umefuta kazi yangu!" alisema, na sauti yake iliwafikia hadi wakulima wa nje.

"Dada, haijafutwa. Imefunikwa," nilimjibu, ingawa nakiri kwamba moyo ulinienda mbio.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu naliona ni la hatari kuliko kompyuta kukataa kuwaka. Mahali pa kupachikia ni folda ya kawaida iliyo kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Seva isipopachikwa, folda hiyo ipo palepale, ina jina lilelile, na inakubali kupokea mafaili. Anayeandika humo huandika kwenye diski ya mezani pake bila kujua, na siku seva itakapopachikwa, yaliyomo kwenye seva huyafunika yale ya chini kama mkeka unavyofunika vumbi la sakafuni. Hayakupotea, lakini hakuna anayeyaona, hayaingii katika nakala za akiba za seva, na yanaweza kukaa huko miezi kadhaa mpaka mkulima aje na stakabadhi yake mkononi aulizie malipo ambayo seva haiyajui. Nilichofanya ni kuiondoa folda ya seva, kulinakili faili la dada yule pembeni, kupachika tena, na kulirudisha mahali pake. Kisha nikapita kompyuta zote kutazama chini ya mkeka. Katika mbili nilikuta mafaili ya misimu iliyopita.

Kompyuta ya saba ilikuwa na hadithi yake. Yenyewe haikusubiri wala haikuendelea. Ilijitupa moja kwa moja katika hali ya dharura, yaani skrini nyeusi yenye maandishi ya kumtaka msimamizi aingie na kurekebisha. Sababu ilikuwa mstari wa pili ambao mtu aliuongeza katika fstab ili folda ya seva ionekane pia ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji. Mstari wa aina hiyo hautaji seva popote. Unasema tu kwamba folda hii ionekane pia pale. Kwa hiyo systemd huuhesabu kuwa ni wa diski ya ndani, na mambo ya diski ya ndani hutakiwa kukamilika mapema, kabla ya mtandao kuanza, na yakishindikana mashine husimama kwa tahadhari. Lakini folda inayotajwa yenyewe hutoka kwenye mtandao. Wa ndani akawa anamngoja wa mtandao, na wa mtandao hawezi kuanza mpaka wa ndani amalize. Systemd ikigundua mduara wa namna hiyo huutupa mmoja wa watumishi ili mduara ukatike, na haina ahadi ya kumtupa yule ambaye wewe ungemchagua. Dawa yake ni neno moja, _netdev, ambalo huongezwa katika mstari ili kuujulisha mfumo kwamba jambo hili, japo halionekani hivyo, linategemea mtandao.

Nitapita haraka juu ya marekebisho mengine, maana fundi mwenye nia atayapata katika maelezo yanayokuja na mfumo wenyewe. Jina la seva katika mstari nililibadilisha kuwa namba, kwa kuwa ruta ndiyo iliyokuwa ikitafsiri majina na yenyewe huchelewa kuamka. Amri ya findmnt yenye nyongeza ya --verify nikaitumia kukagua fstab kabla ya kuzima chochote, na nashangaa ni mafundi wangapi wanaohariri faili hilo na kuzima mashine papo hapo bila kulikagua, kama mtu anayefunga mlango kabla ya kupapasa mfukoni kama ana ufunguo. Seva nikaiagiza ijiwashe umeme unaporudi. Mstari wenyewe, baada ya yote, ukawa hivi:

192.168.1.10:/kumbukumbu /mnt/kumbukumbu nfs4 _netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30 0 0

Neno nofail humwambia yule abiria aendelee na shughuli zake hata kama kivuko hakipo. Lakini neno ninalolithamini zaidi ni x-systemd.automount. Kwa neno hilo kompyuta haipachiki chochote wakati wa kuwaka; huweka mlinzi mlangoni pa folda, na siku mtu anapoifungua kwa mara ya kwanza, mlinzi huenda kuiita seva saa hiyohiyo. Seva ikiwepo, folda hufunguka. Isipokuwepo, mtumiaji hupata ujumbe wa kosa, na akijaribu tena baadaye mlinzi huenda kuita tena. Na kwa kuwa mlinzi amesimama juu ya ile folda tupu, hakuna awezaye kuandika chini ya mkeka. Kwa ofisi inayoamka na kulala na umeme usiotabirika, sioni sababu ya kutumia mpangilio mwingine.

Najua wapo wenzangu watakaosema kwamba mimi nahangaika na mistari wakati dawa ni kununua betri kubwa ya akiba au jenereta. Sipingi betri, seva isiyo na betri ni uzembe. Hata hivyo betri huisha, na inapoisha vyombo vyote huzimika na kuamka pamoja vilevile, ila tu mara chache zaidi, na kwa sababu ni mara chache, siku hiyo itakapofika hakutakuwa na anayekumbuka. Wapo pia wanaopendekeza kutumia neno soft, ili kompyuta iache kuisubiri seva na kurudisha kosa upesi. Kwa folda ya picha za sherehe sina neno. Kwa daftari la mizani, napinga kabisa, kwa kuwa maelezo ya NFS yenyewe yanaonya kwamba njia hiyo inaweza kuharibu data kimyakimya, na mkulima wa Tandahimba aliyelima, akapulizia, akaokota na kupanga foleni ghalani hastahili kupoteza gunia kwa sababu programu ilichoka kusubiri katikati ya kuandika. Afadhali mashine igande, watu wajue kuna tatizo.

Ninachokiomba kupitia gazeti lako kinawahusu zaidi wanaolipa kuliko mafundi. Halmashauri, shule, zahanati na vyama vya ushirika vya mikoa yetu miwili hufunga mitambo ya namna hii kwa fedha ya watu, na makabidhiano, kwa jinsi nilivyoyashuhudia, hufanyika mchana, umeme ukiwepo, mafundi wote wakiwa wamesimama karibu na mashine. Mitambo huwashwa kwa mpangilio mzuri: seva kwanza, tunangoja, kisha swichi, kisha kompyuta moja baada ya nyingine. Makofi yanapigwa, hati inasainiwa. Hakuna siku ambayo umeme wa kweli umerudi kwa mpangilio huo.

Naomba basi kabla ya malipo ya mwisho mkataba udai jaribio moja lisilohitaji utaalamu wowote kulisimamia. Swichi kuu ya umeme ya jengo izimwe, pamoja na betri za akiba, kwa dakika 10. Kisha iwashwe, na mtu yeyote asiguse seva, swichi wala ruta, na chumba cha seva kiwe kimefungwa kwa ufunguo. Makarani wawashe kompyuta zao kama wanavyofanya kila asubuhi, wengine mapema, wengine wakichelewa. Baada ya robo saa kila karani aandike mstari mmoja wenye jina lake katika faili ndani ya folda ya kumbukumbu, halafu mlango ufunguliwe, na msimamizi ahesabu kwenye seva yenyewe kama mistari yote imefika. Fundi ambaye mistari yake haijatimia arudi kazini, na hundi ingoje.

Jaribio hilo tulilifanya katika ile ofisi Jumamosi iliyofuata. Kati ya kompyuta saba, mistari sita ilifika. Ya saba ilikuwa imeunganishwa kwa mtandao usiotumia waya, ambao kwa mpangilio wake haukuunganika mpaka mtumiaji aingie kwanza, jambo ambalo nisingelijua kamwe kwa kuitazama mchana ikiwa imeshawaka. Karani mkuu alitoa fedha ya kebo mfukoni mwake, mita 12, nikaivuta juu ya dari jioni ileile, tukazima umeme tena.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa kompyuta,
Mikindani, Mtwara.